Watu wa Nyumba ya Nyuma

Mangobo, Stanleyville, 2 Februari 1958

Yaya Évariste, kaka yangu,

Rafiki wa shemeji yako Constant anashuka na boti hadi Yanonge kesho asubuhi, ndiyo maana naandika haraka hivi, sufuria ikiwa motoni. Ukiona herufi zinapinda, ujue nilikuwa nakoroga.

Tupo. Lakini si kama ulivyotuacha Noeli. Kule karakana ya boti wamepunguza kazi, Constant anaitwa siku tatu tu kwa juma, siku nyingine anakaa kizingitini anachonga vijiti visivyo na maana. Mchele umepanda. Makayabu, samaki wale wa chumvi, tunayaona kwa macho sokoni, tunayasalimu, tunapita. Juzi mtu aliiba chungu cha majani ya sombe cha jirani yetu Mama Germaine kikiwa kinachemka. Kinachemka, yaya! Sijui mwizi alikishika na nini.

Na bomba la mtaa ndilo limekufa kabisa. Tumeenda kusema, tukaambiwa tusubiri. Donc sasa sote tunachota kwenye kisima cha zamani, kile nyuma ya jiko la Germaine. Na watoto wanaugua. Tumbo, homa, na kuhara damu. Marie-Jeanne wa Germaine amelala juma zima, na wawili wa Papa Emile, kapita anayesimamia mtaa wetu. Micheline wangu mzima, anakula, anakusalimu sana, anauliza ulimwachia nani ile kofia yako.

Nikwambie linalosemwa hapa. Kuna watu wamepanga ile nyumba ya nyuma yetu, chumba kimoja, sijui kama uliwaona Noeli. Kasongo na mkewe Madina, Waislamu kutoka Maniema, pamoja na mama mzee na watoto wanne. Walikuja mwezi wa kumi kwa ajili ya kazi ya kiwanda cha mbao, na kiwanda kikamsimamisha Kasongo kabla ya Noeli. Sasa niambie: mtu asiye na kazi anakula nini? Usiku kucha watoto wale wanalia. Mlangoni wametundika gunia badala ya mlango. Constant anasema kama watu wa namna hii wasingejaa mjini, wazungu wa karakana wasingeona kwamba mikono ni mingi na kazi ni chache, wasingepunguza siku za wengine. Mimi sijui mambo ya kazi, lakini naona anasema kweli.

Wewe ndiye mganga wa dispansari. Ni ugonjwa gani huu? Nijibu na boti hiyohiyo.

Mdogo wako,
Florentine


Yanonge, 9 Februari 1958

Florentine wangu,

Barua yako imefika ikinuka moshi, nikafurahi, kisha nikaisoma nikaacha kufurahi. Mimi ni mzima. Dispansari imejaa kama kawaida, na tangu msaidizi wangu aende kwao niko peke yangu.

Kuhara damu ni ugonjwa wa kuogopwa, hasa kwa watoto. Mtoto anayeugua apewe maji ya mchele yenye chumvi kidogo, mara kwa mara, hata kama anatapika. Mpelekeni hospitali, msingoje. Mikono ioshwe kwa sabuni. Na niambie jambo moja: je, kuna watu waliofika mtaani kwenu hivi karibuni kutoka mahali pengine? Ugonjwa huu mara nyingine hutembea na watu.

Karatasi imejaa, naendelea kwenye nyingine.

Swali hilo tunaliuliza kila mahali, ni desturi ya kazi, usilifanye kubwa. Ninachokishuku zaidi ni kisima. Nilikiona Noeli. Nani amechimba choo karibu nacho? Nakumbuka mwenye nyumba alikuwa anajenga vyumba vipya upande wa juu, na mashimo yalikuwa tayari. Maji ya choo hushuka. Chemsheni kila tone, hata la kusukutua. Na nendeni wengi, wanaume kwa wanawake, kwa mwenye nyumba na kwa wenye bomba, mkaseme mpaka wachoke kuwasikia.

Kuhusu majirani zako wa nyuma, nawe uliwahi kulia usiku kucha. Mimi ndiye niliyekubeba.

Kaka yako,
Évariste


Mangobo, 17 Februari 1958

Yaya mpendwa,

Barua yako imetusaidia kuliko unavyofikiri! Hapa sasa unaitwa docteur.

Ilinifikia nikiwa njiani kwenda kisimani. Foleni ilikuwa ndefu, wanawake wote walikuwepo, na Papa Emile alikuwa anapita. Wakaniambia, soma, Mama Micheline, soma tusikie. Nikaisoma kwa sauti. Nilipofika pale ulipouliza kama kuna watu waliofika karibuni kutoka mahali pengine, Germaine akadondosha ndoo.

"Munasikia? Muganga mwenyewe anasema! Ugonjwa inatembea na batu!"

"Batu gani?" mmoja akauliza, akijua kabisa.

"Batu ya nyumba ya nyuma! Nani mwingine alikuja?"

Basi kelele zikawa nyingi, nikakunja barua. Karatasi ya pili sikuisoma pale, nani angesikia? Niliisoma nyumbani. Ya choo, yaya, tuache. Mwenye nyumba ni mwenye nyumba yetu pia, na ya Germaine, na ya nusu ya mtaa. Tukienda kumwambia choo chake kinatuua, kesho tutalala wapi? Na wakati huu, Constant akiwa na siku tatu tu?

Papa Emile ameamua kwamba watu wa Kasongo wasikaribie kisima. Alimwita Madina mbele yetu sote akamwambia. Unajua mwanamke yule alijibu nini? Hakulia, hakugomba. Alisema, "Mimi hapana kuchota hapa. Tangu Noeli sijachota hapa. Muliponisukuma nyuma ya foleni, nilianza kwenda kule chini, kwenye kijito."

Halafu Germaine akapiga makofi. "Alors! Anaogopa maji yenye yeye mwenyewe aliharibisha!" Na kila mtu akaona ndivyo.

Mimi pia niliona ndivyo. Mtu asiye na hatia angelia.

Jioni Madina alinisalimu kwenye uzio kama siku zote. Nikajifanya namwita Micheline.

Florentine


Yanonge, 24 Februari 1958

Florentine,

Nimesoma barua yako nikiwa nimesimama, na mpaka sasa sijaketi.

Niliuliza. Sikujibu! Mtu akiuliza njia iko wapi hajasema imepotea. Umechukua swali langu umelifanya hukumu, tena mbele ya watu wenye watoto wagonjwa, ambao wangeamini hata ukuta ungesema.

Hebu soma tena ulichoniandikia kwa mkono wako. Mwanamke yule hajagusa kisima tangu Noeli. Watoto wenu wameugua Januari na Februari. Anayekunywa kijitoni hukuandika kwamba anaugua, wanaokunywa kisimani wanaugua, na ninyi mnamzuia yule wa kijitoni asikaribie kisima. Sijui nicheke au nipige ukuta.

Nenda sasa hivi, kabla hujamaliza barua hii, ukawasomee karatasi ya pili. Simama palepale uliposimama. Ukiogopa mwenye nyumba, sema ni mimi niliyesema, mimi sipangi kwake. Na mwambie Constant akae karibu na mlango wa Kasongo. Watu wakishapata jina la kulitaja, hawarudi nyumbani mikono mitupu.

Nimeomba ruhusa ya kuja. Nangoja mtu wa kushika dispansari.

Na Micheline asinywe maji yasiyochemshwa. Unasikia? Hata kidogo.

Évariste


Mangobo, 26 Februari 1958

Yaya,

Sijui kama umeniandikia. Boti haijapanda. Nakuandikia kwa sababu siwezi kuzungumza na mtu hapa.

Jumapili baada ya misa watu walikwenda nyumba ya nyuma. Marie-Jeanne alikuwa amezidiwa, macho yameingia ndani, na Germaine alitoka nje akapiga yowe, na yowe lile ndilo liliwaita. Walikuja wamevaa nguo za kanisani. Ndilo jambo ninaloliona nikifumba macho, yaya, zile suti. Papa Emile na tai yake. Watu ninaowajua wote, wanaoimba vizuri.

Kasongo alitoka akasimama mbele ya gunia lake, mikono wazi. Akasema, "Muniambie nilifanya nini. Kama ni kweli nitakubali."

Hakuna aliyemwambia. Nilingoja mtu aseme, kweli nilingoja, kwa sababu nilitaka kusikia mimi pia. Mmoja akampiga kwa ubao, mkono ukalegea kama kitambaa. Kisha wakapanda juu wakaanza kung'oa mabati. Mama yake mzee alikuwa bado ndani, amelala, na jua likamwangukia usoni. Madina akamtoa amembeba mgongoni kama mtoto. Watoto walishika sufuria, kila mmoja moja, wakasimama katika mstari bila mtu kuwaambia.

Askari akafika. Nikasema moyoni, Mungu asifiwe. Askari akaangalia mabati, akaangalia watu wenye suti, kisha akamwendea Kasongo, aliyekuwa ameshikilia mkono wake, akamwambia atoe karatasi za kazi. Kasongo akasema kazi hana. Askari akasema asiye na kazi hana ruhusa ya kukaa mjini, aondoke kabla ya jioni. Basi. Ndivyo ilivyokwisha. Waliondoka kuelekea mtoni, wamevuka kwa mtumbwi hadi Lubunga.

Constant alisema anakwenda kutazama tu. Alirudi na bati moja begani. "Kama siyo mimi, mwingine angebeba," akasema. Ameliweka juu ya jiko. Ninapika chini yake.

Nilidhani nitapumua. Leo ni siku ya tatu. Watoto wengine watano wameanza. Watano, na watu wale hawapo! Asubuhi nilisikia kisimani kwamba Madina alimwaga kitu ndani kabla ya kuondoka. Nikauliza, nani alimwona? Wakanitazama mimi kwa namna ambayo sikuipenda.

Yaya, Micheline ameanza tangu jana. Ni damu. Njoo.

Florentine


Yanonge, 1 Machi 1958

Napanda boti ya leo usiku, ruhusa au hakuna ruhusa, na barua hii inatangulia kwa lori. Hospitali, Florentine, usiku huohuo utakapopata haya. Maji ya mchele. Usilale.

Évariste


Yanonge, 24 Machi 1958

Florentine,

Nimerudi nikakuta watu wananingoja mlangoni, na onyo kutoka kwa mkubwa wangu. Sijutii. Micheline anapokula tena na kukasirika ovyo, mimi nina malipo yangu. Msimpe matunda yasiyomenywa, na mchemshe, mchemshe, mchemshe.

Kuna jambo sikulisema nilipokuwa kwenu. Tulikuwa tumetoka kumzika Marie-Jeanne, nyumba ilikuwa imejaa waombolezaji, nami sikutaka kulitia neno hili katikati yao.

Ile siku nilipoteremsha lile bati la juu ya jiko lako, na Constant akaniangalia, ukadhani nilikwenda kulitupa. Nilivuka nalo Lubunga. Nilitafuta mpaka nikawapata, katika kibanda kilichoachwa karibu na reli. Niliwachunguza mmoja mmoja, watoto wote wanne, Madina, Kasongo. Hakuna hata mmoja mwenye ugonjwa ule. Hakuna aliyewahi kuwa nao. Mkono wa Kasongo umeunga vibaya, hatainua ubao tena. Mama mzee sikumkuta. Alifariki siku ya pili baada ya kuvuka. Madina alisema hakuugua kitu. Aliuliza tu mara nyingi wanarudi nyumbani lini, halafu akaacha kuuliza.

Nilijitambulisha kwamba mimi ni mganga. Sikujitambulisha kwamba mimi ndiye docteur wa ile barua.

Nimeona kuhara damu mara nyingi, Florentine. Najua unavyoingia na unavyotoka. Lakini kilichoingia Mangobo Jumapili ile sikijui. Wewe ulikuwepo. Wewe si mtu mbaya, nimekulea najua. Nieleze. Mwenye choo mnamjua. Wenye bomba mnawajua. Kwa nini Kasongo?

Évariste


Mangobo, 13 Aprili 1958

Yaya yangu,

Nimechelewa kujibu kwa sababu kila nilipoanza niliandika mambo ya kujitetea, nikachana.

Kwanza ujue kwamba Constant amesimamishwa kazi, yeye na wenzake wengi wa karakana. Watu wa Kasongo wameondoka, na kazi nayo imeondoka. Amekaa siku nzima akinitazama kama anayetaka nimwambie sasa ni nani. Sikuwa na jina la kumpa.

Uliniuliza kwa nini Kasongo. Nimefikiri sana na jibu langu ni dogo, linatia aibu. Kwa mwenye nyumba kuna geti na mbwa. Kwa wenye bomba kuna askari, na karani anayekuambia urudi kesho. Kwa Kasongo kulikuwa na gunia. Sote tulikuwa na hofu, yaya, hofu ya kukaa tu bila pa kuipeleka, na gunia lile lilikuwa karibu. Tena nikimwona Madina akipita na ndoo yake niliogopa zaidi. Niliona tutakavyokuwa sisi Constant akisimamishwa. Nilitaka iwe kwamba wao walifanya kitu. Kama walifanya kitu, basi sisi tusiofanya kitu tungesalimika.

Jumanne nilivuka Lubunga. Sikumwambia mtu. Madina alikuwa anakaanga mikate mbele ya kibanda, anawauzia watu wa reli. Alinijua kabla sijafika.

Akasema, "Mutoto yako iko namna gani?"

Nikasema amepona. Akasema, "Mungu asifiwe," na alikuwa anasema kweli, niliona. Nikaanza kulia. Nikamwambia, Mama, ile barua ya kisimani, ni mimi niliyeisoma.

"Najua," akasema. "Nilikuwa nyuma ya uzio. Unasoma muzuri." Akageuza mikate. "Nilikuwa nangoja uendelee."

Nilingoja anitukane, nilikuwa tayari, nilivuka mto kwa ajili hiyo. Hakunitukana. Mteja akaja, akamhudumia, mwingine akaja. Mwishowe nikaona nimesimama njiani ninawazuia watu wanaotaka kula, nikarudi mtumbwini.

Nilipofika nyumbani nilichukua karatasi yako ya pili nikaenda kisimani nikaisoma. Nimechelewa miezi miwili, lakini nimeisoma, yote, pamoja na choo cha mwenye nyumba. Wengine waliondoka katikati. Papa Emile aliniambia nijihadhari. Wanawake wanne wamekubali twende pamoja kwa wenye bomba, na tutakwenda, hata kama ni sisi watano tu.

Lakini nililokusudia kukuambia ni la jana.

Germaine alikuja. Tangu mazishi alikuwa hasemi na mtu isipokuwa kumtaja Madina. Anamtaja kisimani, anamtaja sokoni, anamtaja peke yake akifagia. Aliketi kwenye kiti changu kidogo, akashika magoti, akaniuliza, "Nasikia yaya yako alisema iko maji. Ile maji ya kisima. Iko kweli?"

Ningeweza kusema sijui. Nilimhurumia hata nikakaribia kusema sijui. Nikasema, "Ni kweli, Mama Marie-Jeanne."

Niliona anahesabu moyoni, na mimi nilijua anahesabu nini, kwa sababu nimehesabu hivyohivyo juu ya Micheline. Kila kikombe. Mtoto alikuwa na homa, anaomba maji, na mama yake anaamka na kumpa, anamshika kichwa, anamwambia kunywa, kunywa yote.

"Mimi ndiye nilikuwa namunywesha," akasema.

Nikamshika mkono. Akautoa. Akasimama, akajifunga kitambaa chake vizuri, akafika mlangoni, kisha akarudi akanishika mabega yote mawili, uso wake karibu kabisa na wangu. Hakuwa na hasira. Alikuwa anaomba, yaya, kama watu wanavyoomba kwa daktari.

"Hapana. Iko ule mwanamuke. Mama Micheline, sema iko ule mwanamuke."

Sikusema. Aliendelea kunishika, na mimi sikusema.

Florentine